Tarime na Serengeti: Kura za ukoo na mtoto asiye na kura

Hapa Dar es Salaam swali huwa ni lile lile, kwenye daladala, kwenye vibanda vya magazeti na hata ndani ya chumba chetu cha habari: "Hivi hawa watu wa Tarime wana nini?" Anayeuliza huwa ametoka kusoma habari ya mapigano, ya bunduki, ya dhahabu au ya uchaguzi uliopigwa mabomu ya machozi. Huuliza kwa namna ya mtu ambaye tayari anayo majibu. Wakali hao. Wabishi hao. Kisha hucheka na kushuka kituoni.

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyafuata mazungumzo haya gazetini, juma hili nataka nilijibu swali hilo kwa kirefu. Nitaichukua Tarime pamoja na jirani yake Serengeti, kwa sababu barabara ile inayotoka mjini Tarime, ikapita Nyamongo, ikavuka Mto Mara na kuishia Mugumu, inaweza kutufundisha habari za vyama vingi nchini kwetu kuliko semina nyingi za hotelini.

Tuanze na yale ambayo wengi wetu tumeyasahau. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza Watanzania kama wanataka chama kimoja au vingi. Watu wapatao themanini katika kila mia walisema kimoja kinatosha. Ishirini ndio waliotaka mageuzi. Pamoja na hayo Tume ikapendekeza vyama vingi, na kuanzia Julai 1, 1992 sheria ikaruhusu. Kwa hiyo demokrasia yetu haikuletwa na maandamano, wala haikupatikana kwa kumwaga damu. Ilitolewa na wakubwa kwa busara ya wakubwa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akiwa mstari wa mbele kuitetea. Kitu ulichopewa na kitu ulichokipigania havitunzwi kwa namna moja. Nadhani sehemu kubwa ya matatizo yetu inaanzia hapo.

Sasa Mara ni mkoa wa Mwalimu. Ungetegemea kwamba CCM ingelala usingizi mnono kule. Haikuwa hivyo. Katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Oktoba 1995, NCCR-Mageuzi ilivuma mkoani humo, na mmoja wa waasisi wake, mwanasheria Mabere Marando, ni mtu wa Rorya, eneo ambalo wakati huo lilikuwa ndani ya wilaya ya Tarime. Pale Bunda, Stephen Wassira akiwa na tiketi ya NCCR alimwangusha Joseph Warioba, mtu aliyekuwa Waziri Mkuu miaka michache tu kabla. Mahakama baadaye iliyatengua matokeo hayo, na Wassira mwenyewe akarudi CCM na kuwa waziri. Lakini ujumbe ulikuwa umefika: mtu wa Mara hasiti kumwambia mkubwa kwamba zamu yake imekwisha.

Kwa nini? Wapo wanaosema ni hulka. Mimi siamini sana mambo ya hulka. Naamini zaidi mambo ya mifugo, mpaka na polisi. Tarime imepakana na Kenya. Ukisimama Sirari unaiona Isebania ng'ambo. Mkulima wa kahawa wa nyanda za juu za Tarime alikuwa akiona kwa macho yake bei ya upande wa pili wakati ushirika wa kwao unamlipa kidogo tena kwa kuchelewa. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba mambo hayawezi kuwa vingine. Pili, wilaya hizi zimetoa askari wengi, tangu jeshi la mkoloni hadi vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na baada ya vita ile bunduki zikazagaa. Wizi wa ng'ombe, ambao zamani ulikuwa wa mishale na ushujaa wa vijana, ukawa wizi wa silaha za moto na wa biashara, ng'ombe akiibwa usiku upande huu na kuuzwa asubuhi upande ule. Serikali ikajibu kwa operesheni. Kwa hiyo kwa mwananchi wa kijijini, sura ya Serikali aliyoizoea zaidi ilikuwa sura ya mtu mwenye bunduki anayetafuta mtu mwenye bunduki.

Pengo hilo lilizibwa na wananchi wenyewe. Sungusungu, iliyozaliwa Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliingia Ukuryani na kukaa vizuri kabisa, maana ilikuta chombo tayari kipo. Wakurya wana mkutano wa hadhara wanaouita ritongo. Watu wa ukoo hukaa, jambo husemwa, mtuhumiwa hutajwa mbele ya wote, uamuzi hutolewa na wote hufungwa nao. Nyuma ya mkutano huo kuna inchama, yaani wazee wa mila, ambao hawagombei cheo, hawapigi kampeni, na neno lao likishatoka halikatiwi rufaa. Nawaomba wasikilizaji wa mjini mlishike jambo hili, kwa sababu bila hilo hamtaelewa uchaguzi wa kule. Chama cha siasa, chochote kile, kilifika mwaka 1992 kikiwa mgeni. Koo zilikuwa wenyeji.

Wanchari, Warenchoka, Wakira, Wanyabasi, Wairege, Watimbaru, Wanyamongo, Wasweta, na wengine. Ukifika Serengeti unaongeza Wangoreme, Wanata, Waikoma na Waisenye, ambao si Wakurya lakini wana hesabu zao. Kila mgombea huanza kwa kuhesabu koo. Ndani ya CCM hesabu hizo hufanyika kwenye kura za maoni, na mara nyingi vita kubwa huwa ni hiyo, si ile ya Oktoba. Ukoo ambao kijana wake ameangushwa kwenye kura za maoni hurudi nyumbani umenuna, na wapinzani huwa wanawasubiri njiani na bendera. Ndiyo maana wachambuzi wa mijini hukosea wanapodhani kila kura ya upinzani Tarime ni kura ya itikadi. Nyingine ni kura ya hasira ya kindugu. Lakini hukosea zaidi wanaodhani ni ya kindugu tu.

Tazama mwaka 2005. Jakaya Kikwete alishinda urais kwa asilimia 80, nchi nzima ikiwa ya kijani. CHADEMA iliambulia majimbo matano tu ya uchaguzi, na moja lilikuwa Tarime, la Chacha Wangwe. Marehemu Wangwe alikuwa msemaji mkali, asiyependa kuambiwa nini cha kusema hata na chama chake mwenyewe. Mwaka 2008 CHADEMA ilimsimamisha umakamu mwenyekiti. Usiku wa Julai 28 mwaka huo akafa kwa ajali ya gari eneo la Pandambili, akitoka Dodoma kuja Dar es Salaam. Uvumi ulijaa nchi. Mazishi yaliahirishwa mpaka mwili uchunguzwe upya, na viongozi wa chama chake walipokewa Tarime kwa uchungu na shutuma.

Watu wengi, nami nikiwemo kwenye orodha ya waliokuwa wakitabiri redioni, tuliona kiti kile kitarudi CCM. Katika kampeni za uchaguzi mdogo Mchungaji Christopher Mtikila wa DP, aliyekuwa akizungumzia kifo kile jukwaani, alipigwa mawe. Oktoba 12, 2008 watu wakapiga kura, na Charles Mwera wa CHADEMA akashinda. Wapiga kura walikuwa wameikasirikia CHADEMA, wakaikasirikia CCM zaidi, wakapanga hasira zao kwa mfuatano. Hiyo si kura ya mtu asiyejua anachofanya. Miaka miwili baadaye, 2010, wakamchagua Nyambari Nyangwine wa CCM. Mwaka 2015 jimbo likagawanywa na yote mawili yakaenda CHADEMA, Esther Matiko mjini na John Heche vijijini, na Serengeti nayo ikamchagua Marwa Ryoba wa chama hicho hicho. Mwaka 2018 Ryoba akahamia CCM. Mwaka 2020 majimbo yote matatu yakatangazwa kuwa ya CCM, katika uchaguzi ambao wapinzani waliukataa. Na ule wa Oktoba 29, 2025 ulifanyika bila CHADEMA kabisa, ukafuatana na ghasia, vifo na kuzimwa kwa intaneti katika nchi. Kwa watu waliozoea kubadili wabunge kama mtu anavyobadili jembe lililochakaa, kukuta jembe ni moja tu dukani ni habari mpya.

Ile hasira niliyoitaja inatoka wapi hasa? Kwa Tarime jibu ni Nyamongo.

Kabla ya kampuni kubwa, dhahabu ya Nyamongo ilikuwa ikichimbwa na wachimbaji wadogo kwa sululu na nyundo. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002 chini ya Afrika Mashariki Gold Mines. Ukaenda kwa Placer Dome, na mwaka 2006 ukawa wa Barrick ya Canada. Sheria ya Madini ya 1998, iliyotungwa ili kuvutia wawekezaji, iliweka mrabaha wa asilimia 3 tu kwa dhahabu. Fikiria basi kijana wa Kewanja au Nyangoto ambaye baba yake alikuwa na shimo. Shimo limekuwa la kampuni, mrabaha unakwenda Hazina, naye amebaki kutazama malori. Akaanza kuingia usiku kuokota mawe ya mabaki ili ayaponde apate chembe. Mgodi ukamwita mvamizi. Polisi walikuwa wanalinda mgodi kwa makubaliano na kampuni, na hilo ndilo lililoharibu kila kitu, kwa kuwa mwananchi hakuweza tena kutofautisha dola na mwenye mali.

Desemba 2008 umati uliingia mgodini na kuchoma mitambo. Mwaka 2009 maji yenye sumu yalivuja kutoka mgodini hadi Mto Tigithe. Mei 16, 2011 polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu watano pale pale mgodini. Viongozi wa CHADEMA waliokwenda Tarime kwa ajili ya maiti zile, akiwemo Tundu Lissu, walikamatwa. Familia kadhaa zilipeleka kesi hadi London, ikamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama mwaka 2015. Ndugu msikilizaji, mtu wa Tarime akitafuta haki hadi London usiseme ni mbishi. Jiulize ni milango mingapi aliyobisha kabla ya hapo.

Niseme pia upande wa pili, maana redio si jukwaa la kampeni. Nyamongo kuna neno tegesha. Mtu anasikia mgodi utachukua eneo fulani, usiku anasimamisha nyumba ya mabati isiyo na mlango, anapanda miche kama anapanda vitunguu, anasubiri mthamini. Wenyeviti wa vijiji walihusishwa, wenye vyeo walihusishwa, na watu wa mjini waliokodi ardhi kwa ajili hiyo walihusishwa. Dhahabu iliharibu na wenyeji pia. Mzee aliyezoea kusuluhisha kesi ya ndama alijikuta anasuluhisha fidia ya mamilioni, na si wote waliobaki na mikono safi.

Lakini hapa kura ilifanya kazi, na ndipo ninapotaka wenye kukata tamaa wanisikilize. Kelele za Tarime, zikichanganyika na za Kahama na Geita na zile za Bungeni juu ya Buzwagi mwaka 2007, zilimfanya Rais Kikwete aunde kamati chini ya Jaji Mark Bomani, yenye wabunge wa upinzani ndani yake. Sheria mpya ya 2010 ikapandisha mrabaha hadi asilimia 4. Mabadiliko ya 2017, wakati wa Rais John Magufuli, yakaupandisha hadi 6 na kulazimisha kila mgodi ukubaliane na halmashauri juu ya mpango wa huduma kwa jamii. Mwaka 2019 North Mara ilitozwa faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi, na baada ya makubaliano ya Januari 2020 Serikali ikawa na hisa asilimia 16 katika mgodi huo. Halmashauri inapata ushuru wa huduma unaotokana na mauzo. Sisemi Nyamongo imekuwa peponi. Vifo na kesi viliendelea hata baada ya hapo. Nasema kwamba jambo lililosemwa na wapiga kura kwa miaka kumi na tano liliingia kwenye vitabu vya sheria. Hakuna aliyeweza kujifanya hakusikia.

Serengeti habari ni nyingine kidogo. Kule mgogoro ni wa hifadhi. Barabara ya lami kutoka Mugumu kupita ndani ya Hifadhi ya Taifa hadi Loliondo, kipande cha kilometa zipatazo 53, iliahidiwa kwenye kampeni za 2010, wanamazingira wa dunia nzima wakapiga kelele, na Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ikazuia lami isipite humo. Mwananchi wa Mugumu alipiga kura kwa ahadi ambayo mahakama ya Arusha iliifuta. Nyumbu wana watetezi wengi.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Kuna jambo ambalo kura hizo hizo, za watu hao hao wajasiri, hazijalisema. Ni jambo la watoto wa kike.

Msimu wa tohara Ukuryani huja mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Wavulana hutahiriwa, wasichana hukeketwa. Inchama ndio wanaoufungua msimu. Ada anayotoa mzazi hugawanywa kati ya ngariba na wazee. Msichana ambaye hajakeketwa huitwa msagane, jina la kudhalilisha, na mahari yake hushuka. Aliyekeketwa huwa tayari kuolewa, hata kama ana miaka kumi na mitatu na alikuwa wa kwanza darasani. Ng'ombe wanaoingia ndio watakaomwolea kaka yake. Ukiufuata mzunguko huo unaona kwamba si ushirikina wala ujinga mtupu, ni uchumi wenye hesabu zake, na ndiyo sababu mabango peke yake hayauvunji.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inasema anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18 afungwe miaka mitano hadi kumi na mitano. Sheria ya Kenya ya 2011 ni pana zaidi, inawalinda hata watu wazima na inamfuata anayevuka mpaka kwa kusudi hilo. Yetu ikiishia miaka 18, msichana wa miaka 19 anayelazimishwa na wakwe hana kifungu cha ukeketaji cha kushika. Takwimu za afya zinaonyesha kwamba mkoani Mara wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 40 mwaka 2010, asilimia 32 katika utafiti wa 2015 na 2016, na 28 mwaka 2022, wakati kitaifa ilikuwa 8. Inashuka, tuseme ukweli. Inashuka kwa sababu ya watu kama Rhobi Samwelly, aliyekeketwa akiwa mtoto na baadaye akaendesha nyumba salama Mugumu, na masista na walimu wa kituo cha Masanga, Tarime, ambako wasichana hukimbilia mamia kwa mamia ukifika msimu. Wengine hutembea usiku kucha peke yao, porini, hadi kufika.

Na wabunge je? Madiwani je? Tuchukue kalenda. Uchaguzi mkuu wa 2000, wa 2010 na wa 2020, yote ilifanyika Oktoba, wiki chache kabla ya msimu. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2014 ulifanyika Desemba 14, katikati ya msimu wenyewe, na ule wa 2024 Novemba 27. Yaani katika miaka hiyo mgombea anapokwenda kuomba baraka za wazee, wazee hao ndio wanaojiandaa kufungua msimu. Anakwenda kwao na ng'ombe na sukari. Zamani sheria ya uchaguzi iliruhusu jambo hilo kwa jina la takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006, lakini ng'ombe hajui tarehe ya hukumu. Je, mtu huyo huyo atasimama jukwaani kesho yake na kuwaambia wazee wale kwamba wanachofanya ni jinai?

Nimeisikiliza mikutano mingi ya kampeni katika wilaya hizi. Nimesikia habari ya mgodi, ya vigingi vya hifadhi, ya bei ya kahawa, ya maji, ya polisi. Habari ya ukeketaji nimeisikia ikitajwa kwa sentensi moja, tena mara nyingi na mgeni rasmi kutoka mbali. Mpambe mmoja niliyemuuliza kwa nini mgombea wake hajaligusa, alinitazama kwa huruma. "Mzee," akaniambia, "msichana wa darasa la sita hapigi kura. Babu yake anazo kura za mlima mzima."

Katika jambo hili vyama havitofautiani. Chama tawala na cha upinzani, ambavyo haviwezi kukubaliana hata juu ya idadi ya vituo vya kupigia kura, vimekubaliana kunyamaza. Mkuu wa wilaya, ambaye hakuchaguliwa na mtu, ndiye anayethubutu kuwakamata ngariba. Mbunge, aliyechaguliwa, hutafuta safari siku hizo. Wako waliosema hadharani, nisiwanyime haki yao, na baadhi walilipa kwa kura. Lakini niliyoyaona kwa jumla ni hayo. Mfumo uliompa baba nguvu ya kupigania shimo lake la dhahabu ndio uliomfanya mgombea aogope kumtetea binti wa baba huyo.

Kuna dalili nyingine za kutazamwa. Wasichana waliokimbilia Masanga na Mugumu miaka kumi iliyopita wamekuwa watu wazima. Wamo kwenye daftari la wapiga kura, wengine ni walimu, wauguzi, mafundi cherehani pale Mugumu mjini. Wengine wamezaa mabinti. Bado hawajawa kundi ambalo mgombea analihesabu anapohesabu koo zake, na baraza la wazee halina kiti chao.

Mwaka 2026 unagawanyika kwa mbili. Kadhalika 2028. Na 2030, mwaka wa uchaguzi mkuu ujao, nao umo humo humo: kampeni Septemba, kura Oktoba, shule kufungwa, kisha Desemba.